Kufuli la DVD lilivyombana mnunuzi halali, mwizi akapita

Wapiga picha za harusi na wenye maktaba za video Korogwe na Handeni bado wana kazi ya kuokoa kilichomo kwenye diski kabla hazijafa

KATIKA miaka ya 2000, abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha aliyeteremka stendi ya Korogwe kunyoosha miguu alizungukwa na wachuuzi mara tu alipokanyaga ardhi. Huyu ana machungwa, yule ana mayai ya kuchemsha, na wa tatu amebeba boksi lililojaa diski za filamu.

Boksi lile lilikuwa duka kamili. Nyuma yake kulikuwa na mnyororo mrefu wa watu waliokula kutokana na diski: wenye maktaba za kukodisha filamu, wenye mabanda ya video ya kijijini, wapiga picha za harusi, mafundi wa deki na vijana waliokuwa na kompyuta moja ya kuchomea CD.

Leo biashara hiyo imepungua sana. Simu, memori kadi, flashi, ving'amuzi na intaneti vimechukua nafasi yake. Hata Netflix ya Marekani, kampuni iliyojijenga kwa kukodisha DVD kwa njia ya posta, ilituma diski yake ya mwisho Septemba 29, 2023.

Lakini diski zenyewe hazijaondoka. Zimo chini ya vitanda Chanika, juu ya makabati Manundu, na kwenye masanduku ya vikundi vya wakulima vijijini. Kuna za harusi, za mahafali, za maziko, na za mafunzo ya kilimo zilizoachwa na miradi iliyokwisha siku nyingi.

Na diski huharibika. Ndiyo maana swali hili lina uzito kwa mwananchi wa kawaida: je, mwenye diski anaruhusiwa kuitolea nakala ya akiba? Na fundi wa mjini anayemfanyia kazi hiyo kwa malipo, yuko upande gani wa sheria? Anayekosea hapa anaweza kupoteza kompyuta, mtaji na jina lake. Anayejua mipaka anaweza kupata kazi halali ambayo bado ina wateja.

Kufuli lenyewe ni nini?

Diski za video zilizoingia nchini ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni VCD, iliyoanza mwaka 1993. Hii inabeba video ya dakika 74 hivi, ndiyo maana filamu moja iliuzwa kwa diski mbili. VCD haikuwekewa kufuli lolote. Anayetaka kuinakili huinakili, na nakala hucheza kama ya kwanza.

Ya pili ni DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996. Hapo kampuni kubwa za filamu za Marekani zilikuwa zimeshajifunza. Zilikataa kuweka filamu zao kwenye diski mpya mpaka ziwekewe ulinzi. Ulinzi huo ukaitwa CSS.

Kwa lugha nyepesi, CSS huvuruga picha na sauti zilizomo kwenye diski, kisha ufunguo wa kuzinyoosha hufichwa sehemu mbili. Sehemu moja iko kwenye diski, nyingine iko ndani ya deki. Mtengenezaji wa deki hupewa ufunguo wake baada ya kusaini mkataba na kukubali masharti. Deki halali ikikutana na diski halali, filamu inacheza. Mtu akihamisha mafaili ya diski hiyo kwenye kompyuta hivi hivi, anapata picha zilizovurugika.

Diski tupu zinazouzwa madukani nazo zilitengenezwa kwa namna ambayo ile sehemu ya ufunguo haiwezi kuandikwa. Hivyo hata anayenakili kila kitu, ufunguo hubaki nyuma.

Juu ya hilo iliwekwa namba ya eneo. Dunia iligawanywa: Marekani eneo la 1, Ulaya na nchi za Ghuba eneo la 2, na sehemu kubwa ya Afrika, Tanzania ikiwemo, eneo la 5. Ndugu aliyeko London au Muscat akinunua filamu dukani na kuituma Korogwe, deki inayofuata masharti huikataa, ingawa imelipiwa kihalali. Wengi hapa nchini hawakuliona tatizo hili kwa sababu deki nyingi za bei nafuu ziliuzwa zikiwa zimefunguliwa maeneo yote.

Kama mbegu chotara

Mkulima wa mahindi wa Handeni analielewa jambo hili kuliko anavyodhani. Anaponunua mfuko wa mbegu chotara, anapata mavuno mazuri msimu wa kwanza. Akitenga punje za mavuno hayo na kuzipanda tena, shamba halifanani na la mwanzo. Kufuli limo ndani ya mbegu yenyewe. Mahindi ni yake ya kula na kuuza, lakini kila msimu anarudi dukani.

DVD yenye CSS ilitengenezwa kwa fikra hiyo hiyo: itazame upendavyo, lakini usiizalishe.

Tofauti ni kwamba mbegu ya mkulima ikiliwa na panya, anajua bei ya kununua nyingine. Filamu iliyoacha kuuzwa miaka kumi iliyopita haipatikani tena kwa bei yoyote. Kwa mwenye diski moja tu, nakala ya akiba ndiyo ghala lake.

Kijana wa Norway na mahakama za Marekani

Kufuli la CSS halikudumu. Oktoba 1999, miaka mitatu tu baada ya DVD kuanza, programu ndogo iitwayo DeCSS ilianza kusambaa duniani. Mmoja wa waliohusika ni Jon Lech Johansen, kijana wa Norway aliyekuwa na umri wa miaka 15. Hoja yake ilikuwa kwamba alitaka kutazama DVD alizonunua mwenyewe kwenye kompyuta inayotumia mfumo wa Linux, ambao haukuwa na programu ya kuzichezesha.

Alishitakiwa. Mahakama ya Oslo ilimwachia huru Januari 2003, na mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo Desemba mwaka huo huo. Kwa majaji hao, mtu kufungua diski aliyoinunua mwenyewe hakukuwa kosa.

Marekani mambo yalikwenda kinyume. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya kuvunja kufuli kuwa kosa peke yake, hata kama anayevunja amenunua diski. Mwaka 2004 kampuni ya 321 Studios, iliyouza programu za kutoa nakala za akiba za DVD, ilizuiwa na mahakama ya San Francisco. Mwaka 2009 kampuni ya RealNetworks nayo ilizuiwa kuuza programu yake ya RealDVD.

Uingereza ilijaribu njia ya kati. Oktoba 2014 iliruhusu mtu kujitolea nakala ya kitu alichonunua kwa matumizi yake binafsi. Wenye haki za muziki wakaenda mahakamani wakidai hawakuwekewa fidia, na Julai 2015 ruhusa hiyo ikafutwa.

Ukitazama yote hayo, jambo moja linajitokeza. Mivutano yote ilimhusu mnunuzi mwaminifu. Mwizi mkubwa, mwenye mashine za kuzalisha maelfu ya diski, hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Hapa nyumbani kufuli halikuwepo

Kwa Tanzania kinaya kilikuwa kikubwa zaidi. Filamu za nje, ambazo ndizo zilizokuwa na kufuli kali, zilifika Korogwe zikiwa zimeshavunjwa huko zilikotoka. Diski moja ilibeba filamu kumi au zaidi zilizobanwa, na iliuzwa kwa bei ya soda chache.

Filamu za wasanii wa hapa ndizo zilizokuwa wazi. Tangu filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 ilipoonyesha kwamba Watanzania wako tayari kulipia hadithi zao wenyewe, tasnia iliyokuja kuitwa Bongo Movie ilitegemea VCD kwa sehemu kubwa. Nyota kama Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 7, 2012, walijulikana hadi vijijini kwa sababu ya diski hizo. Lakini VCD haina kufuli. Msambazaji wa Dar es Salaam alitoa filamu asubuhi, na jioni kijana mwenye kompyuta alikuwa na nakala zake.

Serikali iliamua kutumia njia nyingine. Badala ya kufuli ndani ya diski, mwaka 2013 ilianza kutumia stempu za kodi kwenye bidhaa za filamu na muziki. Mkulima ataifananisha na lebo ya TOSCI kwenye mfuko wa mbegu: haizuii mtu kutengeneza bandia, lakini inamwezesha mnunuzi na mkaguzi kutambua kilicho halali.

Stempu ilimlinda msanii kwa kiasi chake. Pia ilimweka muuzaji mdogo mahali pagumu, kwa sababu anayekamatwa na boksi lisilo na stempu ni yule wa stendi, mara nyingi si yule aliyezalisha.

Sheria inasemaje?

Sheria inayohusika ni ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999. Ndiyo iliyoanzisha COSOTA, chombo ambacho mwaka 2022 kilibadilishwa kuwa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, na kazi ya kukusanya mirabaha ikaachwa kwa kampuni za wenye haki.

Sheria hiyo ina pande mbili ambazo mfanyabiashara mdogo anapaswa kuzijua zote.

Upande wa kwanza ni wa ruhusa. Kifungu cha 12 kinaruhusu mtu kunakili kazi iliyotolewa kihalali kwa matumizi yake mwenyewe, ya binafsi na ya faragha, ingawa kuna kazi zilizowekewa mipaka. Maneno ya kushika hapo ni "mwenyewe" na "faragha". Nakala ya kukaa nyumbani ni jambo moja. Nakala ya kuuza, kukodisha, kuonyesha kwenye banda kwa kiingilio au kuchezesha ndani ya basi ni jambo lingine kabisa. Hayo yote ni haki za mwenye kazi, na yanahitaji kibali chake.

Upande wa pili ni wa katazo. Sheria hiyo hiyo inapinga kutengeneza au kuingiza nchini, kwa ajili ya kuuza au kukodisha, vifaa vilivyobuniwa mahususi kuvunja kinga ya kunakili. Hivyo fundi anayetaka kujitangaza kwa bango la "tunafungua DVD zote" anajitafutia matatizo.

Anayepatikana na hatia ya kuvunja hakimiliki kibiashara anaweza kupigwa faini, kufungwa, au vyote viwili.

Kuna dhana mbili zinazowaponza wengi. Ya kwanza ni kwamba filamu ya zamani haina mwenyewe. Si kweli. Haki ya kazi za picha jongevu inadumu miaka 50, hivyo hakuna filamu ya Bongo Movie iliyokwisha muda. Ya pili ni kwamba tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 iliyowekwa mwaka 2023 kwa baadhi ya vifaa vya kunakili na kuhifadhi inampa mnunuzi wa kifaa ruhusa ya kufanya biashara ya nakala. Tozo hiyo ni kwa ajili ya kuwafidia wabunifu. Haigeuki kuwa leseni ya kuuza kazi zao.

Mabanda ya video nayo yana sheria ya ziada. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu inayoonyeshwa hadharani iwe imepitiwa na Bodi ya Filamu.

Kazi halali ipo wapi?

Habari njema kwa fundi wa Korogwe au Handeni ni kwamba sehemu kubwa ya diski zinazohitaji kuokolewa hazina kufuli na hazina mgogoro.

Diski ya harusi iliyochomwa na mpiga picha wa mtaani haina CSS wala namba ya eneo. Hata iliyotumwa na ndugu kutoka Oman, kama ni ya sherehe ya familia, kwa kawaida itacheza deki yoyote. Mwenye harusi akiomba ihamishiwe kwenye flashi, fundi anafanya kazi ya kawaida kama ya kutoa fotokopi ya cheti cha mteja. Jambo la busara ni kumtaarifu mpiga picha aliyeirekodi kama bado yupo, hasa pale ambapo nakala zitagawiwa ukoo mzima. Wapiga picha wa leo nao wanashauriwa kuandika kwenye risiti, tangu siku ya kwanza, kama mteja anaruhusiwa kujitolea nakala.

Kundi la pili ni video za mafunzo ya kilimo. Nyingi zilitengenezwa ili zisambae. Shirika la Access Agriculture, kwa mfano, linaweka video za wakulima kwenye tovuti yake, zikiwemo za Kiswahili, na mtu anaruhusiwa kuzipakua bure. Kikundi chenye diski ya zamani ya kupambana na kiduha kwenye mahindi, ikiwa imekwaruzika, kinaweza kuuliza kwa afisa ugani au kutafuta huko kabla ya kuhangaika na kufufua diski. Kwa diski ya mradi uliokwisha, soma maneno yaliyoandikwa kwenye ganda. Mara nyingi ruhusa ya kunakili bila kuuza imeandikwa hapo hapo.

Kundi la tatu ndilo la kuepuka: filamu na muziki wa watu vinavyonakiliwa kwa ajili ya mauzo. Mwenye maktaba ya video anayetaka kuendelea aende kwa msambazaji au mtayarishaji akaombe makubaliano ya maandishi. Watayarishaji wengi wadogo wanaopoteza kila kitu kwa maharamia watapendelea kupata kidogo kwa njia halali.

Jinsi ya kuokoa diski

Adui wa diski ni jua, joto, vumbi na mikwaruzo. Diski zilizochomwa kwa kompyuta ni dhaifu kuliko zile za kiwandani, kwa sababu data zake ziko kwenye rangi ambayo huchakaa kwa joto na mwanga. Diski iliyoachwa dirishani haina maisha marefu. Mambo ya kuzingatia ni haya:

Kwanza, anza na diski zilizochomwa, kisha za kiwandani.

Pili, futa diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje. Kuzungusha kitambaa kunaweka mkwaruzo unaofuata njia ya data, nao ni mbaya zaidi.

Tatu, kwa VCD, linda zaidi upande wenye maandishi. Data iko karibu kabisa na upande huo, chini ya rangi tu. Kwa DVD, data iko katikati ya vipande viwili vya plastiki. Usibandike karatasi juu yake, kwani inaivuruga inapozunguka kwa kasi.

Nne, nakili kila kitu kwanza kama kilivyo, ndipo ubane ukubwa baadaye. Anayebana kabla ya kuhifadhi hapati tena ubora uliopotea.

Tano, weka nakala mbili, sehemu mbili tofauti. Flashi moja iliyo kwenye mfuko wa suruali siyo akiba.

Sita, fungua nakala na uitazame mwanzo, katikati na mwisho kabla ya kumkabidhi mteja. Wengi wamegundua harusi imekatika kwenye keki wakati diski ya kwanza imeshatupwa.

Hesabu kabla ya kupanga bei

DVD ya kawaida ya kuchoma inabeba GB 4.7, na VCD ni kama MB 700 hadi 800. Flashi ya GB 64 inaweza kubeba DVD 13 zilizojaa bila kubanwa, au VCD zisizopungua 75. Hivyo familia yenye diski chache inatosha kwenye flashi moja.

Gharama kubwa kwa fundi ni muda. Diski nzima inaweza kumalizika ndani ya nusu saa, lakini iliyokwaruzika inaweza kushikilia kompyuta nusu siku na mwisho isitoe kitu. Anayepanga bei moja kwa diski zote atajikuta anawafanyia kazi bure wenye diski mbovu. Ni vizuri kutenganisha: bei ya diski nzima, bei ya diski mbovu ikifanikiwa, na ada ndogo ya kujaribu isiyorudishwa. Mteja aelezwe kabla kompyuta haijawashwa.

Chukua mfano wa fundi anayepokea diski nane kwa siku, sita nzima na mbili mbovu. Zile sita zitamchukua saa tatu. Zile mbili zinaweza kumla siku yote iliyobaki. Asipotoza ada ya kujaribu, mapato ya saa tatu ndiyo yanayolipa umeme, kodi ya chumba na chakula cha siku nzima.

Daftari nalo ni la lazima. Andika jina la mteja, idadi ya diski, aina yake na kauli yake kwamba ni zake. Siku mkaguzi akipita, daftari lenye harusi, mahafali na mafunzo ya kilimo litamtetea fundi kuliko maneno matupu.

Mwenye shaka juu ya kazi fulani aulize Ofisi ya Hakimiliki au ofisa utamaduni wa halmashauri yake kabla ya kupokea fedha, si baada ya kukamatwa.

Kampuni kubwa zilitumia fedha nyingi kutengeneza kufuli, na likavunjwa ndani ya miaka mitatu. Rangi ya diski haihitaji mvunjaji. Inakwenda yenyewe, kidogo kidogo, ndani ya boksi lililoko chini ya kitanda. Mwenye boksi hilo alifungue wiki hii, atazame kipi ni chake kwa haki, na aanze na kile ambacho hakina duka linalokiuza tena.